Fomu ya DNR ya mama ilitiwa sahihi Ohio. Je, Texas wataitambua?

Swali: Shikamoo dada. Mama yetu ana miaka 79 na moyo wake umeshindwa kazi. Amewekewa kifaa kifuani, na hapa Columbus, Ohio, amelazwa mara tatu katika mwaka mmoja. Alipolazwa mara ya mwisho alikubali DNR, yaani moyo wake ukisimama wasiuhuishe, daktari akatia sahihi fomu. Mwezi ujao anahamia Houston, Texas, kwa kaka yangu mkubwa. Kaka anasema karatasi hiyo ni kumwandikia mama kifo na kwamba nyumbani kwake haitakaa. Je, fomu ya Ohio inafanya kazi Texas? Wataendelea kumtibu? Na siku akishindwa kusema, nani anaamua? Mama hakusoma shule, na Kiswahili chake ni cha Fizi, Kongo. Tulikaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka kumi na minane kabla ya kuletwa huku.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kwa kuwa mna safari, nianze na lililo la haraka: mtengenezeeni mama fomu ya Texas mara tu atakapopata daktari huko, na mpaka siku hiyo msitengane na ile ya Ohio. Sheria ya Texas inalikubali agizo lililotolewa kihalali katika jimbo jingine. Lakini sheria kulikubali ni jambo moja, na mhudumu wa gari la wagonjwa anayeingia sebuleni saa nane za usiku kuitambua karatasi ambayo hajapata kuiona maishani ni jambo jingine kabisa. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kuwapunguzia mateso wenye maradhi mazito, si mwanasheria. Familia nilizoziona zikilia kwa sababu ya fomu hizi hazikulizwa na sheria, zililizwa na ile dakika moja ya mlangoni.

Kwanza tuelewane kuhusu jina, kwa maana hapo ndipo kaka yako alipokwama, naye si wa kwanza. Herufi DNR ni amri ya kutouhuisha moyo uliosimama. Wakalimani wetu wengi husema "kutomfufua", na neno hilo limetuponza sana. Kufufua, katika masikio ya mtu aliyekulia kanisani au msikitini, ni kumrudisha marehemu duniani. Anayesikia kwamba madaktari wana uwezo wa kumfufua mama yake na kwamba kuna karatasi ya kuwakataza wasifanye hivyo, lazima aione karatasi hiyo kuwa ni ya kishetani. Uwezo huo hawana. Walicho nacho ni mikono miwili inayokandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita tano au zaidi, mpira unaopitishwa kooni ili mashine ipumue badala ya mgonjwa, dawa za mshipani, na umeme wa kuushtua moyo. Kwa mama wa miaka 79 mbavu huvunjika mara nyingi, na anayekandamiza huzisikia zikilia chini ya viganja vyake. Hapa Marekani, katika kila watu 100 ambao moyo umesimamia nje ya hospitali wakajaribiwa kuhuishwa, karibu 10 ndio hutoka hospitali wakiwa hai. Kwa waliosimamia moyo ndani ya hospitali, ni kama robo. Hesabu hizo zinachanganya vijana na wazee, wenye afya na wagonjwa. Kwa mzee ambaye moyo wake umekuwa ukichoka kwa miaka, nafasi ni ndogo kuliko hizo. Kwenye televisheni karibu kila mtu huamka akauliza yuko wapi.

Kwa hiyo DNR inajibu swali moja tu: moyo ukisimama au pumzi ikikatika, tuanze kazi hiyo au tusiianze? Haisemi lolote kuhusu dawa za kupunguza maji, oksijeni, viuavijasumu vya nimonia, kulazwa hospitali, wala chakula. Mama mwenye DNR anaweza kulazwa, hata katika chumba cha wagonjwa mahututi, akatibiwa na kurudi nyumbani. Ninaandika hivyo bila kusita, lakini kwa fomu ya Ohio nina sharti moja, nalo ni kubwa, kwa hiyo tafadhali itoe hiyo karatasi uiangalie sasa hivi.

Ohio ina DNR za aina mbili katika fomu moja, na tofauti yake ni kisanduku kimoja kilichowekewa alama. Aina ya kwanza huandikwa DNRCC. Hiyo huanza kufanya kazi tangu saa ile daktari anapotia sahihi, si pale moyo unaposimama. Maana yake, wahudumu wakiitwa na kumkuta mama anahema kwa shida lakini yu hai, watampa oksijeni, watamwondolea makohozi, watamlaza vizuri na kumtuliza maumivu, lakini hawatamfunga kipimo cha mapigo ya moyo, hawatampa dawa za kuuhuisha moyo, hawatampumulia kwa mashine. Aina ya pili huandikwa DNRCC-Arrest. Hiyo hulala kimya mpaka moyo au pumzi isimame. Kabla ya hapo mama hutibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Nimekutana na familia zilizodhani zimekubali ya pili kumbe zilitia alama ya kwanza, na nyingine kinyume chake. Mama aliyelazwa mara tatu na kutoka mara tatu, ambaye bado anapenda kutibiwa maji yanapojaa mapafuni, kwa kawaida huhitaji ya pili. Ikiwa kilichowekewa alama sicho alichokitaka, rudini kwa daktari kabla ya kufunga mizigo.

Unaweza kuuliza kwa nini nchi moja iwe na karatasi nyingi kiasi hiki. Mbinu ya kukandamiza kifua kwa mikono ilitangazwa mwaka 1960 na madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, na katika miaka michache hospitali zikawa zinamfanyia kila anayekata roho, hata mwenye saratani iliyomla mpaka mifupa. Kumwacha mtu afe bila kuguswa kukawa kunahitaji ruhusa, na ruhusa hiyo haikuwa na mahali pa kuandikwa. Mwaka 1974 chama cha madaktari wa Marekani kilipendekeza uamuzi wa kutohuisha uandikwe waziwazi katika faili la mgonjwa, lakini pendekezo si sheria. Katika hospitali moja ya Queens, New York, wauguzi walikuwa wakibandika kidoti cha zambarau kwenye kadi ya mgonjwa ambaye hatahuishwa. Akishakufa, kadi inatupwa, na mgonjwa wala nduguze hawakuulizwa kitu. Jopo la uchunguzi la mahakama lilipotoa taarifa yake mwaka 1984, watu walishtuka, na mwaka 1987 New York ikapitisha sheria ya kwanza ya jimbo inayohusu DNR moja kwa moja. Ninavikumbuka vidoti hivyo kila ninapomsikia mtu akilalamika kwamba fomu zina sahihi nyingi mno. Sahihi zote hizo zilikuja ili asiwepo tena mama wa kidoti.

Majimbo mengine yalifuata kila moja kwa wakati wake na kwa hofu zake, kwa kuwa nchini Marekani leseni za madaktari, huduma za magari ya wagonjwa na sheria za familia viko mikononi mwa majimbo, si Washington. Mahakama Kuu ya nchi, katika kesi ya Cruzan ya mwaka 1990, ilikubali kwamba mtu mwenye akili timamu ana haki ya kukataa tiba, lakini ikayaachia majimbo kuamua ushahidi kiasi gani unatosha pale mtu asipoweza tena kujisemea. Sheria ya shirikisho ya mwaka huohuo inazitaka hospitali, nyumba za wazee na huduma za kuwatunza walio karibu na mwisho zimweleze mgonjwa haki zake, na inazikataza kumpa au kumnyima huduma kwa sababu ameandika au hajaandika matakwa yake. Shika hilo: mtu akikuambia mama hawezi kupokelewa pahali fulani mpaka atie sahihi karatasi ya aina hiyo, mwombe akuonyeshe sheria.

Matokeo yake ndiyo haya. New York ina fomu yake ya DNR ya nje ya hospitali, ambayo daktari hutakiwa kuipitia upya angalau kila siku 90, ingawa isipopitiwa haifi, na pembeni yake ina fomu pana ya rangi ya waridi iitwayo MOLST, inayogusa na matibabu mengine. California nayo ina fomu pana, POLST, ya waridi kali inayoonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Florida imezoea karatasi ya manjano. Wisconsin hutumia bangili mkononi, na sheria yake haimpi bangili hiyo mwanamke anayejulikana kuwa mjamzito. Texas nayo inakataza agizo la nje ya hospitali kufuatwa kwa mjamzito. POLST ilianza Oregon mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaenea huku ikibadilishwa jina kila ilipofika: Tennessee huiita POST, North Carolina na Kentucky MOST. Tofauti yake na DNR ni kwamba inaeleza pia kama mgonjwa anataka kupelekwa hospitali, kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia, na kadhalika, kwa hiyo mtu anaweza kuitumia kusema nihuisheni, vilevile kusema msinihuishe. Ni karatasi nzuri kwa mgonjwa wa muda mrefu. Kwa mtu mzima wa miaka arobaini mwenye afya njema haina kazi.

Kuna kisa cha Miami ambacho madaktari wa huko walikiandika mwaka 2017. Mzee wa miaka 70 aliletwa hajitambui, akiwa amechorwa chale kifuani maneno ya kukataa kuhuishwa, na sahihi yake chini. Madaktari mwanzoni waliona wasiifuate, kwa kuwa ngozi si fomu. Washauri wa maadili wakasema ifuatwe. Baadaye fomu yake halisi ya Florida ikapatikana, na ilisema vilevile. Lakini miaka mitano kabla yake, huko California, madaktari walikuwa wameandika habari za mgonjwa mwenye chale ya namna hiyohiyo ambaye alipoulizwa alisema alichorwa baada ya kushindwa dau katika mchezo wa karata, na kwamba yeye anataka kuhuishwa. Ukivisoma visa hivi viwili pamoja utaelewa kwa nini mhudumu anasisitiza kuona karatasi ya jimbo lake na hatosheki na maneno ya ndugu, hata ndugu huyo akilia mbele yake.

Sasa tuingie Texas. Fomu mnayoihitaji ni ile ya nje ya hospitali, ambayo idara ya afya ya jimbo huitoa bure mtandaoni. Inataja mambo matano yatakayoachwa: kukandamiza kifua, kuushtua moyo kwa umeme, kuuongoza moyo kwa umeme kupitia ngozini, kupitisha mpira wa hewa, na kupumulia kwa mashine. Mama mwenyewe, akiwa na akili zake, ndiye anayetia sahihi sehemu ya kwanza. Sehemu nyingine ni za mlezi wa kisheria, mwakilishi au ndugu, nanyi hamzihitaji maadamu mama anajisemea. Kisha wanahitajika mashahidi wawili, ambao angalau mmoja wao asiwe ndugu, asiwe mrithi, wala asiwe mfanyakazi anayemhudumia. Au badala yao mthibitishaji wa nyaraka, yule tunayemwita notari. Kisha daktari anayemtibu atie sahihi na kuandika namba ya leseni yake. Halafu kuna mtego ambao Ohio hamkuuona: chini kabisa ya ukurasa, kila aliyetia sahihi juu hutakiwa kutia sahihi tena. Watu huona wameshamaliza, wanainuka, wanaondoka. Kabla shahidi hajatoka chumbani, pitisha kidole chako kwenye kila jina la juu na utafute mwenzake chini.

Nakala ya fomu hiyo inakubalika kama fomu yenyewe, kwa hiyo toeni nyingi. Texas inakubali pia bangili au mkufu maalumu. Mojawapo ya alama zake ni umbo la ramani ya Texas lenye neno STOP juu yake. Kwa mzee anayetoka kwenda kanisani na sokoni ningeshauri bangili hiyo, maana karatasi hubaki nyumbani.

Jambo jingine ambalo huwapotosha watu ni kwamba fomu hii, kama jina lake lilivyo, ni ya nje ya hospitali. Inafuatwa nyumbani, kwenye gari la wagonjwa, katika nyumba za wazee, hata katika idara ya dharura. Mama akishapandishwa wodini kama mgonjwa wa kulazwa, daktari wa hospitali huandika agizo jipya, na tangu Aprili 2018 Texas ina sheria yake ya agizo la ndani. Kwa ujumla agizo hilo lifuate maneno ya mgonjwa mwenyewe, aliyoyaandika au aliyoyasema mbele ya mashahidi wawili, au uamuzi wa mwenye mamlaka ya kumsemea. Isipokuwa pale kifo kiko dakika au saa chache mbele hata wakijaribu, na agizo halipingani na alichokwisha kusema. Kila akilazwa, anza upya: waonyeshe fomu, uliza agizo la ndani limeandikwa au la. Akienda kufanyiwa upasuaji, daktari wa usingizi atataka mzungumze tena, kwa kuwa moyo uliozimwa na dawa ya usingizi mara nyingi hurudi kwa urahisi, na wagonjwa wengi husimamisha DNR yao kwa saa chache hizo.

Umesema mama hakusoma. Sheria ya Texas inamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kutoa agizo hili kwa kusema tu, mbele ya daktari anayemtibu na mashahidi wawili, kisha hao watatu ndio wanaotia sahihi. Ningependa mama afanye hivyo hata kama anaweza kuandika jina lake, kwa sababu maneno yake yatasikika na watu. Ila yasikike sawasawa. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zina wajibu wa kuleta mkalimani bila malipo, kwa mujibu wa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na kanuni zilizofuata, na hazipaswi kumtumia mjukuu wa miaka kumi na minne kutafsiri habari za kifo cha bibi yake. Ombeni mkalimani mapema, na mseme kabisa kwamba mnataka anayeelewa Kiswahili cha Kongo.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo lililonitokea. Hospitali moja niliyofanyia kazi iliita mkalimani kwa simu kwa ajili ya bibi mmoja wa kwetu. Daktari aliuliza, kwa upole, ikiwa moyo wake utasimama, angependa wafanye nini. Sauti ya kwenye simu ikasema: "Mama, ukifa, unataka wakufufue?" Bibi akacheka, akanitazama mimi, akajibu: "Kufufua ni kazi ya Mungu." Daktari akashukuru na kuandika kwamba mgonjwa amekataa. Nilimwomba asubiri. Kesho yake tulikaa na mkalimani mwingine, safari hii ana kwa ana, tukaeleza mikono, mbavu, mpira wa kooni, na nafasi ya kupona. Bibi alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema wajaribu, kwa sababu mwanawe alikuwa njiani kutoka Goma na alitaka amkute. Siku tatu baadaye mwana alifika, wakakaa pamoja, na bibi mwenyewe akaomba iandikwe wasijaribu tena. Majibu hayo mawili ya mwisho yalikuwa yake. Lile la kwanza kabisa, la kufufua, ndilo tu lilikuwa la mkalimani.

Kuhusu nani anaamua akishindwa kusema: mama akiwa hana mwakilishi wala mlezi aliyeteuliwa, na yupo Texas, sheria humtazama kwanza mume; kama hayupo, watoto wake wazima wanaopatikana; kisha wazazi, kisha ndugu wa karibu zaidi. Kwa hiyo wewe uliye Ohio na kaka aliye Houston mko sawa mbele ya sheria, lakini si sawa mbele ya daktari, ambaye atazungumza na aliye chumbani. Majimbo hayafanani katika hili pia. Colorado haina safu ya nani kwanza: wanaohusika huitwa, wakakubaliana wenyewe nani awe msemaji. Wisconsin kwa ujumla haimpi ndugu mamlaka hayo kwa sababu tu ni ndugu, jambo linalowashangaza sana watu wetu, ambao kwao mtoto wa kwanza haombi ruhusa ya kumsemea mzazi. Dawa ya yote ni hati ya kumteua msemaji wa matibabu, ambayo Texas huitaka itiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili au notari. Mama amtaje mtu mmoja na wa akiba mmoja. Na asichague kwa umri. Achague yule atakayeweza kusema alichokisema mama hata kama kinamuumiza yeye mwenyewe.

Nakusihi usichanganye hati hiyo, wala wosia wa matibabu (maandishi ya mgonjwa kuhusu tiba anayoitaka na asiyoitaka), na DNR. Hizo ni barua kwa madaktari, zitakazosomwa watu wakiwa wameketi. DNR ni amri ya daktari kwa mtu aliyesimama. Mhudumu wa gari la wagonjwa akipewa wosia wa kurasa nane ataendelea kukandamiza kifua, naye hana kosa.

Nije kwa kaka. Wewe unafikiri shida yako ni Texas, mimi naona shida yako ni kaka, kwa kuwa ndiye atakayeshika simu. Ikiwa mama ametoa agizo mwenyewe, kaka hana mamlaka ya kulifuta. Texas inampa uwezo wa kulifuta mama mwenyewe, wakati wowote, kwa neno au kwa kuichana fomu, na wale walioliandika kwa niaba yake kama lingekuwa limeandikwa hivyo. Lakini kaka anaweza kuificha. Akipiga 911, namba ya dharura, na fomu haionekani, wahudumu wataanza, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa, na wakikuta ugomvi mlangoni mara nyingi wataanza vilevile. Mpigie kabla mama hajafika. Usimwambie habari za sheria. Mwambie kinachofanywa kwa mikono, mwambie mama atatibiwa, kisha umpe mama simu amwambie mwenyewe. Kama hofu yake ni ya imani, Papa Pius XII aliwaambia madaktari mwaka 1957 kwamba mgonjwa halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida za kurefusha uhai, na kwa wasomaji wetu Waislamu, kamati ya fatwa ya Saudi Arabia iliruhusu mwaka 1988 kutohuisha pale madaktari watatu waaminifu wanapokubaliana kwamba haina faida. Kama kaka ni mlokole, mchungaji wake ndiye wa kuzungumza naye, si mimi.

Lipo moja hukuliuliza, nalo ni kile kifaa. Mwulize daktari wa moyo ni cha aina gani. Kama ni cha kuuongoza tu mapigo, hakina neno. Lakini kama ni cha kuushtua moyo, DNR haikizimi. Mama anaweza kuwa anaaga kwa utulivu, watoto wamemshika mikono, na kifaa kikampiga umeme mara tano, kumi, kwa kuwa kinafanya kazi kiliyopewa. Nimeona mama mmoja akiruka kitandani namna hiyo, na mwanawe akaniuliza kama ni sisi tuliomfanyia. Kazi ya kushtua inaweza kuzimwa kliniki kwa dakika chache, bila kisu wala maumivu, huku ile ya kuongoza mapigo ikiachwa. Na usiku wa dharura muuguzi anaweza kuweka sumaku juu ya kifua ikakizuia. Chama cha wataalamu wa mapigo ya moyo kilishatamka mwaka 2010 kwamba kukizima kwa ombi la mgonjwa ni halali kimaadili. Si lazima kizimwe leo. Lazima mama aulizwe, na jibu liandikwe kabla ya safari, maana kliniki ya Houston itachukua wiki kadhaa kumpokea.

Kwa gari mtapita Kentucky, Tennessee na Arkansas, zaidi ya kilomita 1,800, majimbo matano ukihesabu mnakotoka na mnakokwenda, na kila moja lina karatasi yake. Hamwezi kuzijaza zote. Mama abebe fomu ya Ohio yenyewe mkobani mwake, nakala iwe kwenye dashibodi, na wewe uwe na picha yake kwenye simu; ikitokea jambo, mwonyesheni mhudumu, naye atampigia daktari wake wa zamu. Mkifika, nunua sumaku ya friji kabla ya kununua chakula. Wahudumu wengi wamefundishwa kutazama mlango wa friji, kwa hiyo fomu ikae hapo, juu kidogo ya usawa wa macho ya wajukuu, na kaka ndiye aibandike.